Kumzoesha Mtoto Mdogo Bwawa la Kuogelea

Mtoto anayeogopa bwawa hana kasoro yoyote, kwa sababu maji humwondolea sakafu chini ya miguu, humwingia puani na kumshtua kwa ubaridi, huku kelele za waogaji zikimjia kutoka kila upande. Ndiyo maana ninapinga kabisa desturi ya kumtupa mtoto majini ili ajifunze mwenyewe, kwani anachojifunza hapo ni kutomwamini aliyemtupa.

Maandalizi yaanze nyumbani, wakati wa kuoga. Mmwagie maji begani, kisha shingoni, na siku nyingine kichwani, ukihesabu hadi tatu kila mara na kutomwagia kamwe kabla ya tatu. Mfundishe pia kugusisha midomo kwenye maji na kupuliza mapovu, kama anayezima mshumaa. Zoezi hili ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa kuwa anayetoa pumzi hawezi kuvuta maji wakati huohuo, na mtoto aliyelizoea hapaliwi kwa urahisi uso wake unapolowa.

Chagua saa ambayo bwawa halina watu wengi, mtoto akiwa ameshiba kiasi na hana usingizi. Mabwawa ya kawaida huwa na maji ya nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi, ilhali mtoto mdogo hustarehe zaidi katika nyuzi 30 au zaidi, kwa sababu mwili wake hupoteza joto haraka kuliko wa mtu mzima. Dakika 20 zinatosha kwa siku za mwanzo, na akianza kutetemeka au midomo ikibadilika rangi, mtoe mara moja na umfunge taulo.

Mketishe ukingoni achezeshe miguu majini kadiri apendavyo. Tangulia wewe kuingia, kisha mpokee kifua kwa kifua na uchuchumae hadi mabega yenu yazame, ili nyuso zenu ziwe sawa na mwili wake usipigwe na upepo. Tembea naye taratibu ukiongea naye. Atakapolegeza mikono shingoni mwako, mshike chini ya makwapa na umsogeze mbele kidogo, akiendelea kukutazama.

Kuelea chali huwasumbua watoto wengi, hasa maji yanapoingia masikioni, kwa hiyo mlaze kichwa begani mwako, shavu lako likigusa lake, na umtegemeze mgongo kwa kiganja mpaka yeye mwenyewe alegee. Usimzamishe kichwa kwa kumshtukiza. Subiri achovye uso kwa hiari. Mfundishe mapema kugeuka, kushika ukingo na kupanda nje, maana ujuzi huo humtuliza na siku moja unaweza kumwokoa.

Akilia, rudini kwenye hatua ya mwisho aliyoifurahia, mcheze hapo kidogo, kisha mtoke. Kulazimisha hatua mpya siku hiyo hurudisha nyuma kazi yote.

Mtoto mwenye kuhara asiingie bwawani hata akivaa nepi ya kuogelea, kwani nepi hiyo haizuii vijidudu, na kimelea kiitwacho kriptosporidiamu kinaweza kuishi zaidi ya siku 7 katika maji yenye klorini ya kawaida.

Kuhusu maboya ya kuvaa mikononi, wazazi huyaamini kupita kiasi: yanaweza kuchomoka au kuvuja upepo, na humzoesha mtoto kusimama wima majini, mkao usiofaa kuogelea. Hayachukui nafasi ya mtu mzima. Kuzama mara nyingi hutokea kimyakimya, bila mayowe wala kupiga maji kwa kishindo, kwa hiyo uwe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono wakati wote, simu ikiwa mbali nawe, hata kama mwokoaji yupo zamu. Ukilazimika kutoka, hata kwa nusu dakika, toka naye.