Maumivu baada ya upasuaji wa bawasiri: namna ya kuyapitia ukiwa nyumbani

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Pemba. Wagonjwa wa bawasiri huruhusiwa mapema, wengi siku ya pili, kwa hiyo maumivu makali huwakuta wakiwa kwao, usiku, hakuna wa kumuuliza.

Kidonda chenyewe kinauma, lakini kinachotesa zaidi ni msuli unaofunga njia ya haja. Ukiguswa unajikaza wenyewe, na ukijikaza maumivu yanapanda. Karibu kila ninalokuelekeza hapa ni la kuulegeza msuli huo na kulainisha choo.

Kwanza, kunywa dawa kwa saa

Ganzi ya mgongoni hukaa saa chache tu. Miguu ikianza kurudi na hisia, kunywa dawa uliyoandikiwa, usingoje uchungu uje. Ukiusubiri ukushike, kidonge kinachelewa kuufikia. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, parasetamoli ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Visizidi vinane kwa siku. Angalia na dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani yake.

Daktari akikuongezea ibuprofeni au diklofenaki, kunywa baada ya kula, na usizichanganye hizo mbili. Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, pumu au ujauzito aseme kabla hajapewa. Tramadol hutuliza, lakini hufunga choo, na choo kigumu ndicho tunachokikimbia.

Pili, kula

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mzee mmoja wa upande wa Micheweni alirudi kwetu siku ya tano hajapata choo. Tangu operesheni alikuwa anaishi kwa chai ya rangi na kipande cha boflo. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nikila nitakwenda chooni, na chooni nnaogopa." Choo kilipotoka kilikuwa kama kokoto. Alikamata ukuta kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, na kidonda kikaanza kutoa damu upya. Yote yale yangeepukika kwa papai na maji.

Basi kula tangu siku ya kwanza: uji wa mtama, papai bivu, mchicha, maharage, mbaazi. Kunywa maji kiasi cha lita 2 kwa siku, isipokuwa daktari amekupimia kwa sababu ya moyo au figo. Urojo wa pilipili na achari viache kwanza. Ukipewa laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, anza siku hiyohiyo, kwani huchukua siku moja hadi mbili kufanya kazi. Kama ni Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Tafadhali itumie.

Tatu, beseni la maji ya uvuguvugu

Tafuta beseni pana, lioshe kwa sabuni, litie maji ya uvuguvugu. Yajaribu kwa kiwiko kama unavyojaribu maji ya kumkosha mtoto. Kaa ndani dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku, na kila baada ya haja kubwa. Utausikia msuli ukiachia. Ukimaliza jikaushe kwa kugusagusa na kipande cha kanga kuukuu, usisugue.

Usitie dawa ya kuulia vijidudu. Mafuta ya karafuu nayo yawekeni mbali. Najua hapa kwetu ndiyo dawa ya jino, lakini kwenye kidonda kibichi yanaunguza.

Nne, chooni

Haja ikija nenda, usiizuie. Usijikamue, na usikae zaidi ya dakika tano. Kama kuchutama kunakuzidi, tumia kiti cha choo na uinue miguu juu ya kibao. Chamba kwa maji, karatasi ngumu iache. Choo cha mwanzo kitauma, sikufichi, ila kikiwa laini uchungu hupungua baada ya kukaa kwenye beseni.

Kulala lala ubavu. Sala nayo, ukishindwa kusimama sali kwa kukaa, na ukishindwa kukaa sali kwa ubavu. Wengi huanza kupata nafuu baada ya wiki moja au mbili, na kidonda hufunga kwa wiki nne hadi sita. Kunyanyua ndoo na magunia kusubiri hadi daktari aseme.

Dalili za kurudi hospitali

Matone ya damu baada ya choo ni ya kawaida. Damu inayotiririka au yenye mabonge si ya kawaida, na inaweza kuja hata siku ya saba hadi ya 14, wakati umeshajiona mzima. Vilevile homa na baridi, kushindwa kukojoa, au uchungu unaozidi kila siku badala ya kupungua. Ukiona moja katika hayo, usisubiri kukuche. Kama unakaa shamba, ongea mapema na jirani mwenye gari, na namba yake iwe imeshaandikwa kwenye simu ya atakayelala na wewe.