Kumfunza mtu mzima sarufi ya Kiingereza: pale kwenye -me- ndipo penye kazi

Nimetoka kumfunza dada mmoja wa Kisauni, anafanya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja huku Nyali, naandika haraka kabla sijasahau maana kuna pahala tulikwama wiki mbili nzima na kosa lilikuwa langu, si lake.

Hatua ya 1. Msikilize. Akutumie voisi noti ya dakika moja WhatsApp akueleze siku yake ilivyokwenda, kwa Kiingereza. Usimkatize, usimcheke. Chagua kosa moja linalojirudia, mengine yaache yapite.

Hatua ya 2. Ile chati ya nyakati 12 ibandue ukutani. Najua walimu waipenda, mimi hata kuiona sitaki. Mtu ametoka shifti, miguu yamuuma, halafu wamletea "past perfect continuous", aende kumwambia nani? Daftari na biro zatosha. App pia sina imani nazo, zakufunza sentensi ambazo hutazisema maishani mwako.

Hatua ya 3. Sasa -me-. Hapa kaa kitako.

Mimi nilimfunza vile nilivyofunzwa shule: -li- ni past, -me- ni have. Akashika vizuri tu. Siku moja meneja wake, mzungu, akamuuliza kuhusu chumba fulani, naye akajibu kwa kujiamini, "The guest has slept." Yani mgeni amelala, asisumbuliwe. Meneja akafahamu mgeni keshalala, keshaamka, shughuli imekwisha, akapeleka mtu na ndoo na mopu. Mlango ukafunguliwa, mgeni yuko ndani ya shuka. Karipio akalila nani? Mwanafunzi wangu. Aliponisimulia nilitamani ardhi inimeze.

Shida ni hii: -me- yetu ina kazi mbili. Kuna jambo lililokwisha tendeka, kama nimevunja glasi. Na kuna hali ambayo mtu yumo sasa hivi: amelala, amesimama, amevaa kanzu, nimechoka, nimeshiba. Hizi za pili Kiingereza chaziweka kwa is na am: "He is asleep", "She is standing", "He is wearing a kanzu", "I am tired", "I am full".

Jaribio nililolipata baada ya kuumwa kichwa sana ni neno bado. Liweke mbele ya kitendo. "Bado amelala", yakubali, basi hiyo ni hali, have usiiguse. "Bado amesimama", yakubali. "Bado nimevunja glasi"? Hakuna mtu asemaye hivyo, basi hapo weka have: "I have broken a glass."

Lakini jaribio lina mashimo yake, mwambie mapema asije akakulaumu:

"Amekufa", hakuna asemaye bado amekufa, lakini "He is dead" na "He has died" zote ni sawa.

"Amekaa kitini" ni "She is sitting", ila "amekaa Mombasa miaka 10" ni "She has lived in Mombasa for 10 years", hata kama hajahama. Kitendo ni kile kile, ukishataja muda wa kukaa have inarudi.

"Nimefika jana" sisi twasema bila wasiwasi. Kiingereza chakataa. Ukitaja jana, juzi, mwaka 2019, have itoe: "I arrived yesterday." Hili lilimchukua muda kuliko yote, na bado lamponyoka akiwa na haraka.

"Hajafika" ni rahisi, "He hasn't arrived yet." Ila "hajalala" igeuze kwanza iwe amelala, ujaribu na bado, ndipo upate "He isn't asleep yet."

Halafu akitazama sinema za Marekani atakuuliza mbona wasema "I already ate" na wewe wamfunza "I've already eaten". Zote ni nshakula. Wamarekani husema vyote viwili, mimi nafunza ile ya Uingereza kwa sababu ndiyo ya shule zetu.

Kisha aandike sentensi kumi za -me- za kazini kwake, si za kitabuni, kila moja aipitishe kwenye bado. Akimaliza kumi, kumi nyingine.

Hatua ya 4. "Umewahi" ni "Have you ever". Kwenye intavyuu ataulizwa tu.

Hatua ya 5. He na she. Kwetu zote mbili ni yeye, kwa hivyo ulimi utateleza. Mwambie akusimulie harusi, bwana harusi kafanya nini, bi harusi kafanya nini, mpaka achoke.

Hatua ya 6. A na the ziache mwisho kabisa. Hatuna vidude hivyo na vyala miezi. Akisema "I clean room" watu wamemwelewa. Ile "has slept" ndiyo iliyomwamsha mtu.