Watani wanakuja kuangalia dabi kwako? Haya andaa mapema

Dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, ikiwa jioni, jiko lako linatakiwa liwe limeshazimwa kabla refa hajapuliza filimbi, mengine yote yanaanzia hapo. Mi nilijifunza kwa maumivu. Mwaka juzi nilikaribisha watu kumi nyumbani, Simba na Yanga nusu kwa nusu, nikajidanganya kwamba mishikaki nitachoma huku mpira unaendelea, dakika ya ishirini gesi ikakata, kuku bado mbichi katikati, nikatoka mbio kutafuta mtungi na nikiwa njiani nikasikia mtaa mzima umelipuka. Goli nimekuja kuliona kwenye marudio. Sa hivi siku moja kabla namwagia mtungi maji ya moto ubavuni, alafu napitisha kiganja kutoka juu kwenda chini, pale chuma kinapogeuka cha baridi ndo gesi ilipofikia. Baridi ikianzia chini kabisa naagiza mwingine siku hiyohiyo. Na umeme wa Luku nao, usisubiri mita ianze kulia.

Kitu kingine, usiwatangazie wageni kwamba leo ni vitafunwa vya afya. Ukitamka hivo tu utaulizwa chipsi ziko wapi. Weka mezani vitu ambavyo tayari wanavipenda, ila umevipika mwenyewe, mafuta kidogo na chumvi unaijua umetia kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa hadi ya mchana. Kwa hiyo ladha itoke kwenye ndimu, pilipili manga, bizari na tangawizi.

Usiku wa kuamkia mechi ndo kazi yenyewe. Kuku wa watu kumi, kilo moja na nusu ya kidari inatosha, kata vipande, weka mtindi, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, funika ingiza kwenye friji. Vijiti vya mishikaki vilowekwe kwenye maji, ukisahau vinaungua kabla ya nyama. Na dengu, zile za kahawia, loweka vikombe viwili.

Nisimame kwenye dengu kidogo maana hizi ndo zinaua hamu ya krispi za dukani. Asubuhi zichemshe ziive ila zisipasuke, chuja, alafu zitandaze kwenye kitambaa safi mpaka zikauke kabisa. Hapa watu wanaharakisha, wanazitia jikoni zikiwa na majimaji, matokeo yake zinabaki laini kama za kula na chapati. Zikishakauka tia kijiko kimoja cha mafuta kwenye kikaango, moto mdogo, unageuza geuza kama dakika ishirini, mwanzoni zinateleza kimyakimya, baadae zinaanza kugonga kikaango kama changarawe kwenye bati, ukisikia huo mlio zima, nyunyiza pilipili na bizari zikiwa bado za moto ili zishike.

Karanga zichambue kabla ya kukaanga. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi tupa, usizionee huruma, sumukuvu, ile sumu inayotoka kwenye ukungu, haiishi kwa kukaangwa. Na kama kuna watoto wadogo, wa chini ya miaka mitano hivi, karanga na bisi ziwekwe mbali nao, goli likiingia kila mtu anaruka na hakuna atakaeona mtoto amepaliwa. Wao wakatie ndizi mbivu.

Mihogo na viazi vitamu vichemshwe asubuhi, saa moja kabla ya mechi unavipitisha tu kwenye makaa vipate rangi. Chachandu ya ukwaju pembeni. Mihogo mi naogopa kununua bila kuonja, ukikuta ni michungu achana nayo kabisa.

Kachumbari kata mapema ila chumvi na ndimu tia dakika za mwisho, ukitia asubuhi jioni unakuta supu ya nyanya. Tikiti kata ukiwa umebakiza nusu saa.

Vinywaji ndo ugomvi wenyewe. Soda ya 350ml ina sukari gramu 35 hadi 40 hivi, kama vijiko vya chai tisa hadi kumi, na mtu kwenye dabi anashusha tatu bila kujua kwa sababu ya presha. Sijazipiga marufuku, kwangu zinakaa chini kabisa kwenye friji, mezani kuna jagi la ukwaju la sukari kidogo na maji ya baridi yenye ndimu na tango. Watu wavivu bwana, wanakunywa kilicho karibu. Ila waulize kabla nani ana kisukari au hali karanga, meseji moja tu kwenye grupu.

Usitoe kila kitu kwa mpigo. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa mawili, na kwa joto la Dar mi nahesabu moja. Dengu na bisi kipindi cha kwanza, mishikaki nusu ibaki kwenye hotpoti itoke mapumziko, zile dakika 15 zinatosha kabisa.

Alafu nunua vikontena vya kufungashia. Waliofungwa huwa hawali kipindi cha pili, wanaaga kabla ya mahojiano ya makocha, na ile siku Yanga ilipoifunga Simba tano moja, Novemba 2023, kuna shemeji yangu aliondoka hata viatu vya kwake hakuvikumbuka. Nilimfungia mishikaki minne ya moto kutoka kwenye hotpoti, nikampelekea na viatu.