Kocha Ametimuliwa: Namna ya Kuipokea Habari Hiyo Kijiweni

Habari ya kocha wa klabu kubwa ya Ulaya kutimuliwa haichelewi kufika Tanga. Erik ten Hag alipoondolewa Manchester United tarehe 28 Oktoba 2024, kwa saa zetu ilikuwa Jumatatu mchana, wakati ambao wengi wako kazini lakini simu ziko mkononi, na ifikapo jioni ya siku kama hiyo vijiwe vya kahawa vya Ngamiani na vibanda umiza, vile vya kulipia kutazama mpira, vya Makorora huwa vimekwisha kutoa hukumu. Mmoja anasema alistahili, mwingine anasema ameonewa, wa tatu, ambaye ni shabiki wa timu pinzani, anacheka tu na kuagiza kashata nyingine. Mwongozo huu umeandikwa kwa shabiki anayetaka neno lake lisikilizwe siku hiyo, na likikumbukwa miezi mitatu baadaye lisimtie aibu.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba habari yenyewe ni ya kweli. Picha yenye nembo ya klabu, sura ya kocha na neno la kumshukuru hutengenezwa na kijana yeyote mwenye simu kwa dakika chache, na kwa kawaida huanza kusambaa usiku uleule timu ilipopokea kipigo. Shabiki aangalie ukurasa rasmi wa klabu, asome tarehe, kisha atafute jina la atakayeshika timu kwa muda. Taarifa ya kweli mara nyingi hulitaja jina hilo, au walau hueleza lini litatajwa, kwa sababu wachezaji wana mazoezi kesho asubuhi na lazima awepo wa kuwasimamia. Picha ya kughushi huishia kwenye shukrani.

Taarifa ikithibitika, isomwe pamoja na kalenda. Klabu nyingi huandika kwamba pande mbili zimekubaliana kusitisha mkataba, na maneno hayo huwa na manufaa ya kisheria kwa wote wawili, lakini hayamwelezi shabiki kilichotokea. Kinachomweleza ni tarehe. Simba ilifungwa na Yanga mabao 5-1 tarehe 5 Novemba 2023, na tarehe 7 ikatangaza kuachana na Roberto Oliveira, yule tuliyemzoea kwa jina la Robertinho, ilhali kabla ya siku hiyo timu yake haikuwa imepoteza mechi yoyote ya ligi msimu ule. Mtu hahitaji kuambiwa na msemaji wa klabu kilichowakutanisha viongozi siku mbili zile. Tarehe ikiwa mbali na kipigo chochote, hapo ndipo shabiki aanze kutafuta sababu nyingine: mvutano juu ya usajili, mmiliki mpya, au kocha mwenyewe kupata kazi kwingine.

Baada ya hapo ndipo linapokuja swali ambalo vijiwe vingi hulirukia bila kulisimamia: nani amekosea? Ushauri wangu ni kutolijibu kabla ya kujua kocha alipewa nini. Katika klabu nyingi kubwa za siku hizi kocha si mnunuzi wa wachezaji. Yuko mkurugenzi wa michezo, liko jopo la watafuta vipaji, na kocha hutoa maoni tu, pengine yakasikilizwa, pengine yasisikilizwe. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu kwa beki asiyejua kuruka, iulizwe nani alimleta beki huyo. Mfano wa Ten Hag unafaa hapa kwa sababu uko wazi kuliko mingine. Mei 2024 alitwaa Kombe la FA, Julai klabu ikarefusha mkataba wake hadi 2026, na Oktoba, baada ya kufungwa 2-1 na West Ham na timu kuwa ya 14 katika ligi, akaondolewa. Hesabu za klabu zilionyesha baadaye kwamba kumwondoa yeye na wasaidizi wake kuligharimu pauni milioni 10.4. Mtu anaweza kuwa na hakika kabisa kwamba Ten Hag alikuwa amefikia mwisho wa uwezo wake pale, na bado akasema, bila kujipinga, kwamba lawama ya fedha hizo ni ya waliomwongezea mkataba miezi mitatu na ushei kabla ya kumfukuza. Hayo ni makosa mawili ya watu wawili tofauti. Kijiweni huchanganywa yakawa moja, ndiyo maana mabishano hayaishi.

Kombe nalo lisimpumbaze mtu. Tunapenda kusema kwamba aliyeleta kombe hafukuzwi, lakini kumbukumbu zinatukatalia. Claudio Ranieri aliipa Leicester City ubingwa wa Uingereza mwaka 2016, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, na tarehe 23 Februari 2017 akafukuzwa timu ikiwa pointi moja tu juu ya mstari wa kushuka daraja. Chelsea ilitwaa Ligi ya Mabingwa Mei 2012 chini ya Roberto Di Matteo, na Novemba mwaka huohuo hakuwepo. Tottenham ilikaa tangu 2008 bila kombe, Ange Postecoglou akaipa Ligi ya Europa tarehe 21 Mei 2025, na tarehe 6 Juni akaonyeshwa mlango, kwa kuwa katika ligi ya nyumbani timu ilimaliza ya 17 na kupoteza mechi 22. Shabiki anayetaka kumtetea kocha wa namna hii asitegemee kombe peke yake. Apime pia ligi, kwa maana huko ndiko ziliko mechi 38, na huko ndiko mwajiri anakoona kama msimu ujao atakuwa na mapato au hatakuwa nayo. Binafsi naona Postecoglou alistahili kuanza msimu mwingine, lakini najua vilevile kwamba mechi 22 ni hoja nzito, na anayenipinga kwa hoja hiyo namkubalia nusu ya njia.

Hapa panahitajika karatasi. Shabiki achukue daftari la kawaida na kuandika mechi kumi za mwisho za kocha: mpinzani, nyumbani au ugenini, matokeo, na nani hakuwepo kwa majeraha au adhabu. Kazi hii haizidi muda wa kunywa vikombe viwili vya kahawa, na huonyesha mambo ambayo kumbukumbu huyaficha. Huenda ikaonekana kwamba katika vipigo vinne vitatu vilitoka kwa timu za juu tena ugenini, au kinyume chake, kwamba timu ilikuwa ikishinda kwa bao moja la dakika za mwisho dhidi ya timu dhaifu na sote tulikuwa tukishangilia tu. Anayepata nafasi aongeze safu moja zaidi: timu ilifungwa namna gani. Mabao ya kona na mipira iliyokufa yakiwa mengi, hilo ni suala la mazoezi na benchi la ufundi linawajibika. Yakiwa ni ya makosa ya mtu mmoja yuleyule, swali linarudi kwa aliyemsajili.

Daftari hilo litamlinda pia dhidi ya hoja mbili zinazosikika kila mara. Ya kwanza ni ile ya Alex Ferguson: kwamba alifika United mwaka 1986, akasubiriwa, na ubingwa wa kwanza wa ligi akaupata mwaka 1993. Ni kweli, lakini tukiitumia kumtetea kila kocha inakuwa haimtetei yeyote. David Moyes alipewa mkataba wa miaka sita na klabu ileile, akadumu miezi kumi, na sijasikia mtu mzito kijiweni akidai kwamba mwaka wa saba ungekuwa wa neema. Subira inahitaji dalili. Mikel Arteta alimaliza wa nane misimu miwili ya kwanza Arsenal, lakini katika msimu wa kwanza kati ya hiyo alitwaa Kombe la FA, vijana wake walikuwa wakikua mbele ya macho ya watu, na kuanzia 2022/23 timu ikashika nafasi ya pili misimu mitatu mfululizo. Waliotaka afukuzwe walikuwa na msimamo wa ligi mkononi. Waliotaka asubiriwe walikuwa na dalili, na dalili ndizo zilizoshinda safari hiyo.

Hoja ya pili ni kwamba kocha mpya huja na bahati. Ole Gunnar Solskjær alipoichukua United kwa muda Desemba 2018, alishinda mechi nane za kwanza mfululizo, Machi akaitoa Paris Saint-Germain kwao, na mwezi huohuo akapewa mkataba wa miaka mitatu. Timu ikamaliza ya sita. Craig Shakespeare naye alishinda mechi zake tano za kwanza za ligi baada ya Ranieri, na Oktoba ya mwaka uleule akawa amefukuzwa. Maelezo yake hayana uchawi. Kocha hufukuzwa timu ikiwa chini kabisa ya kiwango chake, na timu iliyo chini ya kiwango chake hupanda hata ikiongozwa na mtunza vifaa, hasa wachezaji waliokuwa benchi wanapoanza kukimbia ili waonekane na mgeni. Kwa hiyo tathmini ya kocha mpya ianze baada ya mechi kumi, na ilinganishwe na kumi za aliyetangulia zilizomo daftarini.

Wapo watakaosema hayo ni ya Ulaya. Basi watazame kwetu. Yanga iliachana na Miguel Gamondi Novemba 2024 baada ya kufungwa na Azam bao 1-0 na kisha na Tabora United 3-1, ikamchukua Sead Ramovic, naye akaondoka Februari 2025, akaja Miloud Hamdi, na mwisho wa msimu ubingwa ukabaki Jangwani, yaani kwa Yanga. Je, kumwondoa Gamondi kuliisaidia timu? Aliye Yanga atasema ubingwa ndio jibu. Aliye Simba atasema kikosi kile kingeuchukua hata bila kocha. Mimi nasema swali hilo halina jibu la hakika, na shabiki aliyekomaa anaweza kulisema hivyo hadharani bila kuona haya.

Yabaki mambo ya mwenendo, ambayo kwa mji kama huu si madogo. Utani wa mpira una saa zake. Siku ya habari, shabiki wa timu iliyomfukuza kocha ataniwe apendavyo mtaniaji, na yeye avumilie, maana wiki iliyopita alikuwa akifanya hivyohivyo. Lakini utani usivuke ukamfikia kocha kwa dini yake, asili yake au familia yake; hayo hayahusiani na mpira, na mwenye kijiwe ana haki ya kumnyang'anya mtu kikombe. Mzee akiwa ameketi, vijana wampishe aseme kwanza. Wapo wazee hapa wanaokumbuka Coastal Union ikichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, na waliowaona makocha wengi wakija na kuondoka katika uwanja wetu wa Mkwakwani. Mtu wa namna hiyo akisema, "Mgosi, kocha hafungi goli," kijana asimkatishe kwa takwimu alizozisoma asubuhi. Ajibu, "Ndiyo babu, lakini hupanga wa kufunga," kisha angoje. Mabishano mazuri huanzia hapo.

Mwenye kibanda umiza, kwa upande wake, ajue kwamba mechi ya kwanza baada ya kocha kuondoka hujaza watu kuliko fainali nyingine, kwa kuwa wanaompenda na wanaomchukia wote huja kuhakikisha. Aongeze mabenchi mapema, na aandike saa sahihi kwenye ubao wake wa chaki: mechi ya saa tisa alasiri ya Uingereza huanza kwetu saa kumi na moja jioni wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na mbili wakati wa baridi. Siku ambayo Waingereza hurudisha saa zao nyuma, mwishoni mwa Oktoba, ndiyo siku ya ugomvi mlangoni.

Kuhusu mkeka, yaani tiketi ya kubashiri matokeo kwa fedha, nitasema kwa ufupi. Mechi ya kwanza ya kocha wa muda ndiyo mbaya kuliko zote kwa kubashiri, kwa sababu hakuna anayejua atapanga nani, na odi zake, yaani viwango vya malipo, hupangwa na watu wanaojua kwamba mashabiki wamejaa hamasa. Anayeweza kujizuia aiache ipite, aitazame, aandike mstari wa kwanza katika ukurasa mpya wa daftari lake, na mkeka ausogeze hadi ukurasa huo uwe na mistari ya kutosha kusomeka.