Kukagua tuta la bwawa la majitaka

Malindi, penye udongo wa kichanga, tuta likaguliwe kila wiki. Masika yakiingia, kila siku. Vaa buti na glavu. Pima kwa ufito kutoka usawa wa maji hadi mgongo wa tuta: ikiwa chini ya sentimita 60, punguza maji, maana yakifurika tuta la mchanga laweza kukatika kwa saa chache.

Kisha shuka nje, utembee chini kabisa ya tuta. Hapo usiharakishe. Nyasi mbichi wakati wa kiangazi, au ardhi inayobonyea, ni dalili ya kuvuja. Kinga maji hayo kwa chupa safi. Yakiwa maangavu, chomeka kijiti cha alama, na kila siku upime ndoo inajaa kwa dakika ngapi. Yakiwa na tope, tuta linaliwa kwa ndani: waarifu wanaoishi upande wa chini, washa pampu kushusha bwawa. Tundu usilizibe kwa saruji (kosa la wengi), maji yatatoboa kwingine. Lifunike kwa mchanga wa chengachenga, juu yake kokoto. Maji yapite, udongo ubaki.

Mathenge (mti wa miiba) ikiota tutani ing'olewe ingali changa, kwani mizizi ya mti mkubwa ikioza huacha mifereji. Kusi ikivuma, tazama ukingo wa kaskazini, mawimbi huulamba.