Spika Mbili na Ampli Moja: Namna ya Kupanga Mtambo wa Muziki wa Bei Nafuu Nyumbani Lubumbashi

Mtu anayetaka kusikiliza muziki kwa sauti safi nyumbani hapa Lubumbashi mara nyingi huanza kwa kununua kile kinachong'aa dukani: seti yenye spika tano au sita, taa za rangi, na katoni iliyoandikwa maelfu ya wati. Ninamwomba msomaji asianzie huko. Kwa fedha hizo hizo anaweza kupata spika mbili nzuri zilizokwisha kutumika, ampli ndogo (mashine ya kukuza sauti) na waya wa kuziunganisha, kisha akausikia mkono wa Mwenda wa Bayeke, mpiga gitaa wa Katanga, ukitembea juu ya nyuzi, kidole gumba kikishika besi na kile cha shahada kikiimba juu yake, badala ya kusikia ngurumo moja isiyo na sura. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Mwenda mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na katika rekodi hizo mna gitaa moja na sauti ya mwimbaji mmoja. Mtambo usioweza kuvitenganisha viwili hivyo hautaweza kuitenganisha bendi nzima.

Nusu ya fedha iende kwenye spika. Kama una dola 120, tenga 60 kwa spika na 35 kwa ampli, na zinazobaki zilipie waya, jeki na vile vitu vidogo ambavyo husahauliwa kila mara. Ampli ya siku hizi, hata ya bei ndogo, huichafua sauti kidogo sana. Spika ndiyo inayogeuza umeme kuwa mtikisiko wa hewa, na kazi hiyo ni ngumu kiasi kwamba tofauti kati ya spika nzuri na mbaya hutambuliwa hata na mtoto.

Tafuta spika za sanduku la mbao, ambazo hapa tunaziita bafle, zenye koni ya inchi 5 hadi 8 pamoja na twita yake, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, katika vitu vya okazyo (vilivyokwisha kutumika) vinavyotoka Ulaya. Gonga sanduku kwa kifundo cha kidole: likijibu kwa mlio mfupi na mzito, ni zuri, likilia kama debe, endelea kutafuta, kwa sababu sanduku jepesi hutikisika pamoja na koni na kuongeza mlio wake lenyewe. Kisha mwombe muuzaji akuruhusu kuondoa kitambaa cha mbele, uangalie ukingo unaoizunguka koni. Ukingo wa sponji huoza baada ya miaka 15 au 20 hata kama spika ilikaa kabatini, na ukiugusa hubaki vidoleni kama makombo ya mkate. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Weka vidole pande zote za koni, uisukume polepole na kwa usawa, huku umeinamisha sikio. Ukisikia mkwaruzo, koili ya ndani imepinda au imeungua, na gharama ya kuitengeneza itazidi thamani ya spika yenyewe.

Mimi niliwahi kubeba jozi moja hadi nyumbani bila kukiondoa kitambaa hicho, kwa kuwa mbao zake zilinivutia, na jioni ile nikagundua kwamba twita moja ilikuwa imeng'olewa na tundu lake kuzibwa kwa karatasi ngumu. Tangu hapo sinunui nisichokiona.

Ukiwa na multimita, kifaa cha kupimia umeme, au ukienda na fundi mwenye nayo, pima kati ya vituo viwili vya nyuma. Spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) huonyesha takriban 6 au 7, na ya omu 4 huonyesha zaidi kidogo ya 3. Isipoonyesha chochote, kuna uzi uliokatika. Betri ya redio ya volti 1.5 nayo inatosha kwa jaribio dogo: ukiigusisha kwa sekunde moja, chanya kwa chanya, koni ya besi itaruka kuelekea nje. Ikirudi ndani, mtu aliyewahi kuifungua aligeuza nyaya zake.

Kuhusu ampli, usiyaamini maandishi ya katoni. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Mashine ambayo imeandikwa kwamba inapokea wati 60 kutoka ukutani haiwezi kutoa wati 1000 za muziki, kwa kuwa haiwezi kutoa nguvu isiyoipokea. Tena huhitaji nyingi. Spika ya kawaida hutoa desibeli 88 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja tu, ukiwa umbali wa mita moja, wakati mazungumzo ya kawaida ni karibu desibeli 60. Kila unapotaka kuongeza desibeli 3, lazima nguvu iwe maradufu. Kwa hiyo wati 20 za kweli kwa kila upande zinatosha sebule ya mita 4 kwa 4, na majirani wa lupango, yaani wa ua mmoja, watashukuru usipozimaliza. Ampli ndogo inayolazimishwa hadi sauti ianze kukwaruza huunguza twita upesi, hata kama spika imeandikwa kwamba inastahimili wati nyingi. Sauti ikianza kukwaruza, punguza mara moja.

Kibandiko hicho hicho kitakuonyesha jambo jingine la lazima. Umeme wetu ni wa volti 220. Mashine iliyotengenezewa Marekani hutumia volti 120, na ile ya soko la Japani hutumia 100. Ukiichomeka ukutani bila transfoma ya kushusha umeme, itaungua. Vifaa vinavyopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, huja mara nyingi na plagi ya pini tatu bapa, lakini hilo halina shida, adapta inatosha.

Kwa nyumba ambayo moto, yaani umeme, hukatika mara kwa mara, ninapendekeza kwa moyo wote zile ampli ndogo za daraja la D, aina isiyopoteza umeme mwingi kuwa joto, hasa zinazotumia chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments. Chipu hiyo hukubali umeme wa volti 4.5 hadi 26, kwa hiyo betri ya sola ya volti 12 huiendesha moja kwa moja, bila inveta (mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), na hata hapo utapata wati 8 hivi kwa spika ya omu 8. Weka fyuzi ya ampea 5 karibu na betri. Zingatia pia kwamba katika ampli za aina hii waya hasi wa spika ya kulia na ule wa kushoto havipaswi kuunganishwa kamwe. Fundi aliyezoea redio za zamani huviunganisha ili kuokoa waya, na chipu huharibika.

Waya nao ujaribiwe. Mji huu ulianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, lakini waya mwingi unaouzwa madukani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, ujue ni alumini, ambayo hupitisha umeme vibaya zaidi na hukatika ikikunjwakunjwa. Waya wa shaba halisi wa milimita 1.5 za mraba, ule wa umeme wa kawaida wenye nyuzi nyingi laini, unatosha kabisa. Kwa mita 5 hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya omu, na hakuna sikio litakalotambua hilo. Waya wa kuunganisha simu na ampli uwe mfupi. Simu yenye tundu la jeki ya milimita 3.5 inatosha kwa kuanzia: weka sauti yake karibu na juu kabisa, kisha urekebishe kwenye ampli. Nyimbo za MP3 ziwe na angalau kilobiti 192 kwa sekunde. Zile zilizobanwa hadi 64 hupoteza matoazi na pumzi ya mwimbaji, na hakuna ampli itakayovirudisha.

Baada ya hapo, kazi iliyobaki haina gharama, nayo ndiyo inayobadilisha sauti kuliko yote. Sebule zetu nyingi zina sakafu ya saruji na kuta tupu, na sauti hugongana humo kama kisimani. Tandika zulia kati yako na spika, tundika pazia zito la kitenge kwenye ukuta ulio nyuma ya kiti, na usogeze kabati la vitabu au godoro la wageni kwenye kona. Ukipiga makofi na usisikie tena mlio unaorudi, umefika. Simamisha kila spika juu ya matofali ya kuchoma yaliyopangwa hadi twita ilingane na sikio la mtu aliyeketi, na uweke vipande vya mpira wa baiskeli kati ya tofali na sanduku. Zitenge kwa mita 2, nawe ukae mita 2 kutoka kila moja, na uziache sentimita 40 mbali na ukuta. Zikikaa konani, besi itavimba na kuifunika sauti ya mwimbaji.

Sasa piga wimbo wa mwimbaji mmoja unayemjua vizuri. Sauti yake inapaswa kusimama katikati, pasipo na spika. Ikitawanyika na besi ikawa nyembamba, geuza nyaya mbili nyuma ya spika moja tu, usikilize tena. Ukipata mahali panapofaa, weka alama ya chaki sakafuni, kwa sababu atakayefagia atazisogeza.

Katika kiangazi, funika ampli kwa kitambaa ikiwa imezimwa na imepoa, maana vumbi jekundu likiingia kwenye kitasa cha sauti huanza kukwaruza kila kinapozungushwa. Masika hatari ni radi. Ngurumo ya kwanza ikisikika, chomoa plagi ukutani, usitosheke na kuzima kwa swichi. Mvua ikishaanza kupiga bati gitaa halisikiki tena, nawe utaendelea na wimbo itakapopita.