Kupima choa kwa simbilisi na panya wa maabara wanaoonekana wazima

Mhudumu wa banda akitokwa na choa kwenye mkono, pale juu kidogo glavu inapoishia, wanyama wapimwe hata kama manyoya yao yanang'aa. Simbilisi, panya na sungura hubeba kuvu *Trichophyton mentagrophytes* bila kipele wala upara, na mara nyingi binadamu ndiye wa kwanza kuonyesha dalili.

Usitegemee taa ya Wood, yaani taa ya miale ya urujuanimno inayomulikwa gizani kutafuta kuvu. Kuvu huyu hang'ai chini yake. Anayeng'aa ni *Microsporum canis* wa paka, naye si kila mara.

Tumia mswaki mpya, mmoja kwa kila mnyama. Ukitoka kwenye pakiti iliyofungwa unafaa moja kwa moja, hauhitaji kuchemshwa. Sugua mara 20 hivi dhidi ya ulalo wa manyoya: kichwa, nyuma ya masikio, tumbo, miguu, shina la mkia. Wengi husugua mgongo tu, ndiyo maana hukosa. Kisha bonyeza nyuzi za mswaki mara 5 au 6 kwenye sahani ya agari ya Sabouraud (chakula cha kuoteshea kuvu maabara) yenye dawa za kloramfenikoli na sikloheksimidi. Bila dawa hizo, bakteria na ukungu wa maranda wanayolalia wanyama hufunika sahani ndani ya siku chache.

Weka sahani kwenye nyuzi joto 25 hadi 30. Kampala na Entebbe kabati lisilopigwa na jua hutosha. Mbarara usiku hupoa, afadhali inkubeta, yaani kabati la kutunza joto. Tazama kila siku kuanzia siku ya 4, wala usitupe kabla ya siku 21. Koloni jeupe lenye unga, chini rangi ya hudhurungi, lithibitishwe kwa darubini: vijimbegu vya duara vilivyosongamana kama zabibu, pengine na nyuzi za kuvu zilizojiviringa kama springi.

Akipatikana hata mmoja, funga chumba kizima, mnyama asihamishwe. Kabla ya kutoa dawa zungumza na mtafiti, maana azoli, yaani dawa za kuua kuvu, huvuruga vimeng'enya vya ini na kuharibu matokeo ya majaribio. Maranda yachomwe, na sakafu isifagiliwe ikiwa kavu. Osha vizimba kwa sabuni kwanza, kwani uchafu humaliza nguvu ya klorini, kisha loweka dakika 10 katika dawa ya klorini sehemu 1 kwa maji sehemu 9, na usuuze.

Naye mhudumu aende kliniki, asijinunulie krimu ya mchanganyiko dukani. Zenye steroidi hufifisha wekundu huku choa kikiendelea kutambaa.